Santuri za zilipendwa: Usinunue jina, nunua sauti

WAPENZI wa muziki wa zamani hawajapungua hapa pwani. Keti jioni na wazee wa Mji wa Kale kwenye baraza la kahawa, utawasikia wakitajiana majina ya waimbaji kama wanavyotajiana majina ya wachezaji kandanda wa enzi zao: Otis Redding, Sam Cooke, Percy Sledge, Aretha Franklin, Marvin Gaye. Hao ndio waliotuimbia soul, muziki wa Wamarekani Weusi uliotufikia kwa redio na kwa zile santuri ndogo za nyimbo mbili mbili katika miaka ya 1960 na 1970. Nasi tunalo neno letu la kuziita nyimbo za namna hiyo: zilipendwa.

Lakini mpenzi wa zilipendwa ana taabu moja. Santuri alizokuwa nazo zimekwaruzika, au zimepindika kwa joto, au zilichukuliwa na rafiki ambaye hajarudi mpaka leo. Akitaka kuzisikia tena nyimbo zake, hana budi kutafuta mkusanyiko, yaani santuri au CD iliyokusanya nyimbo teule za mwimbaji mmoja au za waimbaji wengi pamoja. Na huko kwenye mikusanyiko ndiko kwenye mtego.

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya zilipendwa, kibaya hakijitembezi tu, bali huvaa nguo za kizuri. Jalada hupambwa kwa picha ya mwimbaji, jina lake huandikwa kwa herufi kubwa, na bei huwa ya kumvutia hata asiyekuwa na nia ya kununua. Mnunuzi akishafika nyumbani ndipo atambuapo kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Leo nataka tuzungumze, msomaji mpenzi, juu ya namna ya kuutambua mkusanyiko mzuri kabla ya kutoa pesa. Jambo hili si la anasa tu. Wimbo wa zamani ni kumbukumbu ya mtu, na mtu mzima akiuziwa kumbukumbu ya bandia huumia kuliko aliyeuziwa shati lenye kuchuja rangi.

"Si siku ile"

Ami yangu alipakua meli Kilindini tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Sasa macho yake hayaoni, ila masikio yangali mazima. Mwanawe aliyeko Ghuba alimletea kasha la CD 3 lenye nyimbo 60 za soul, alilolinunua kwa nia njema kabisa. Nikaitwa nimpigie. Wimbo wa kwanza aliouchagua ulikuwa "When a Man Loves a Woman", ule uliompa Percy Sledge umaarufu mwaka 1966.

Haikupita dakika moja akainua mkono. "Zima, mwanangu," akasema.

Nikamwuliza, "Kwani kuna nini, ami? Si Percy huyu?"

"Ni yeye," akajibu. "Jina ni lake, na sauti ni yake. Lakini si siku ile."

Nikalisogeza jalada penye taa. Pembeni, kwa herufi ndogo kama punje za mchanga, palikuwa pameandikwa kwa Kiingereza kwamba nyimbo hizo zimerekodiwa upya na waimbaji wenyewe. Mzee asiyeona alikuwa amesoma kwa masikio yale ambayo mwanawe mwenye macho hakuyaona dukani. Tangu siku hiyo nikapewa kazi ya kumtafutia nyimbo 10 kama zilivyokuwa siku ile zilipotoka, na mengi nitakayoyaeleza hapa niliyajua katika kuifanya kazi hiyo.

Kwa nini wimbo hurekodiwa mara mbili

Mtu atauliza: mwimbaji ana haja gani ya kuimba upya wimbo ambao umekwisha kupendwa? Jibu limo katika mikataba. Katika miaka ya 1960, mwimbaji aghalabu hakuwa mwenye kanda ya wimbo wake. Kanda ile ya asili iliyorekodiwa studioni ilikuwa mali ya kampuni. Mwimbaji akihama, kanda hubaki. Mkataba ukishakwisha, na muda aliokatazwa kuzirudia nyimbo zile zile ukishapita, huweza kuingia studio nyingine na wapigaji wengine, akauimba tena wimbo wake na kuiuza rekodi hiyo mpya kwa kampuni nyingine.

Mary Wells ni mfano mzuri. Alikuwa miongoni mwa nyota wa kwanza wa kampuni ya Motown ya Detroit, na mwaka 1964 wimbo wake "My Guy" ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Mwaka huo huo, alipokwisha kutimiza miaka 21, aliiacha Motown. Yeye akaenda, nyimbo zikabaki Detroit. Katika miaka ya 1980 alizirekodi upya, na rekodi hizo za pili zimeingia katika mikusanyiko ya bei rahisi. Alifariki mwaka 1992 kwa saratani ya koo, akiwa na umri wa miaka 49. Katika ugonjwa wake hakuwa na bima ya matibabu, hata wanamuziki wenzake wakamchangia.

Kwa hiyo tusimlaumu mwimbaji aliyerekodi upya. Alikuwa akitafuta riziki kwa jasho lake mwenyewe. Wa kulaumiwa ni mwuzaji alifichaye jambo hilo katika herufi zisizosomeka. Lingeandikwa mbele ya jalada, kila mtu angejua anunuacho.

Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Katika biashara hii, waliotangulia mapema mbele ya haki ndio wa kuaminika zaidi. Otis Redding alifariki tarehe 10 Desemba 1967 ndege yake ilipoanguka katika ziwa Monona, jimbo la Wisconsin, naye alikuwa na umri wa miaka 26 tu. Sam Cooke aliuawa kwa risasi Los Angeles tarehe 11 Desemba 1964. Hawakupata umri wa kuingia studio uzeeni na kuzirudia nyimbo zao. Ukiuona mkusanyiko wao, hatari kubwa iliyobaki ni kuuziwa rekodi za jukwaani badala ya zile za studio. Bali wale waliojaliwa maisha marefu, kama Percy Sledge na Ben E. King waliofariki mwaka 2015, hao ndio wa kuchunguzwa kwa makini.

Kanda ni ya nani?

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba hapana kasha moja liwezalo kuwa na kila kitu, kwa kuwa kanda zina wenyewe mbalimbali. Kisa cha kampuni ya Stax kitatufunza.

Stax ilikuwa Memphis, jimbo la Tennessee. Wenyewe walikuwa Jim Stewart na dada yake Estelle Axton, na jina la kampuni lilitokana na herufi za mwanzo za majina yao mawili. Studio yao ilikuwa sinema ya zamani katika barabara ya McLemore, na sakafu yake iliachwa vile vile na mteremko wake. Humo ndimo walimorekodi Otis Redding, Sam & Dave, na Booker T. & the M.G.'s, bendi ya Weusi na Wazungu pamoja katika mji uliokuwa ukiwatenga.

Santuri za Stax zilisambazwa na kampuni kubwa ya Atlantic ya New York. Atlantic yenyewe iliasisiwa mwaka 1947, na mmoja wa waasisi wake, Ahmet Ertegun, alikuwa mwana wa balozi wa Uturuki mjini Washington. Alipofariki mwaka 2006 alirudishwa Istanbul akazikwa pamoja na jamaa zake penye zawiya ya Kisufi. Basi Atlantic ilipouzwa kwa Warner, Stax ilitaka kujitenga. Mwaka 1968, mkataba ulipofunguliwa na kusomwa vizuri, ikaonekana kwamba kanda zote ambazo Atlantic ilikuwa imezisambaza zilikuwa ni mali ya Atlantic. Stax ikawa kama mtu aliyejenga nyumba akakaa miaka, kisha akaambiwa kiwanja kina mwenyewe. Sisi watu wa Mombasa, tunaojua habari ya nyumba isiyo na ardhi, hatuhitaji kuelezwa zaidi uchungu wake.

Matokeo yake yako madukani mpaka leo. Nyimbo za Stax za kabla ya mgawanyiko ule ziko upande wa Atlantic, na za baadaye, kama za Isaac Hayes, zilifuata njia nyingine baada ya Stax kufilisika mwaka 1975. Ndiyo maana kasha kubwa la nyimbo za Stax za mwaka 1959 hadi 1968 lilitolewa na Atlantic mwaka 1991, likiwa na CD 9 na nyimbo 244, lakini makasha mawili yaliyolifuata, ya mwaka 1968 hadi 1975, yalitolewa na kampuni ya Fantasy. Mkusanyiko unaodai kuwa na "soul yote" kwa bei ya kikombe cha chai unakudanganya tangu jina lake.

Jina la kundi si watu

Hila nyingine imo katika majina ya makundi. Chukua The Drifters, walioimba "Under the Boardwalk" mwaka 1964. Jina hilo lilikuwa mali ya meneja wao, George Treadwell, nao waimbaji walikuwa wakilipwa mshahara. Mwaka 1958 aliwafukuza wote kwa pamoja, akalichukua kundi jingine, The Five Crowns, na kulibandika jina la Drifters. Katika kundi hilo ndimo alimokuwamo kijana Ben E. King.

Ikiwa mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo, fikiria yalivyokuwa miaka 20 au 30 baadaye. Makundi kadhaa yalizunguka ulimwenguni kwa jina la Drifters, na baadhi yao walirekodi upya nyimbo zile zile. Kwa hiyo ukiliona jina la kundi juu ya jalada, uliza swali la pili: wimbo huu ulirekodiwa mwaka gani, na kwa kampuni gani? Jina bila mwaka ni jina tupu.

Wimbo uliokatwa mkia

Hata rekodi ya asili inaweza kuharibiwa. Katika miaka ya 1970 kampuni ya K-tel ya Canada ilipata umaarufu kwa kutangaza katika televisheni santuri kubwa zenye nyimbo 20 au zaidi. Nyimbo zilikuwa za kweli, lakini upande mmoja wa santuri una mahali pa dakika 20 na kitu tu. Ukizidisha muda, mistari ya santuri lazima ibanwe, na ikibanwa sauti hufifia na besi hupungua. Basi nyimbo zilikatwa: wimbo huu ukapunguzwa beti, ule ukafifizwa kabla ya mwisho wake.

Wakati mwingine aliyekata alikuwa ni kampuni yenyewe ya mwimbaji. Wimbo mkuu wa Sam Cooke, "A Change Is Gonna Come", ulitoka kwanza katika santuri kubwa mwaka 1964 ukiwa kamili, wa dakika 3 na kidogo. Ulipotolewa kwa santuri ndogo mwishoni mwa mwaka huo, baada ya kufa kwake, uliondolewa beti moja, ile igusiayo ubaguzi waliotendewa Weusi, ili ufae redio. Kwa miaka mingi wimbo huo ulikuwa adimu katika CD kwa sababu ya mambo ya umiliki. Ukiupata katika mkusanyiko, tazama muda ulioandikwa. Ukiwa mfupi kuliko dakika 3, ujue beti ile haimo.

Halafu kuna habari ya mono na stereo. Nyimbo nyingi za soul za miaka ya 1960 zilipangwa kwa mono, sauti zote zitoke mahali pamoja kwa nguvu, kwa kuwa vijana walizisikiliza katika redio ndogo na redio za magari. Motown walikuwa hata wakiujaribu wimbo kwa spika ndogo ya gari kabla ya kuutoa. Mipango ya stereo ya nyimbo hizo hizo mara nyingine huwa na mwimbaji upande wa kulia na ngoma upande wa kushoto, kana kwamba wamegombana. Mbaya kuliko zote ni stereo ya uongo, ambayo mono ilichukuliwa ikagawanywa kwa mitambo. Mkusanyiko ulioandikwa kwamba umetumia mono ya santuri ndogo usiukimbie kwa kudhani ni duni. Aghalabu ndio ulio karibu zaidi na ule ulioupenda.

Soma nyuma ya jalada

Kwa ufupi, haya ndiyo mambo ya kutazama. Kwanza, tafuta neno la Kiingereza "re-recorded". Likiwapo, rudisha kasha mahali pake. Usidanganywe na maneno "waimbaji asili". Maneno yenye maana ni "rekodi asili", na baina ya hayo mawili pana bahari.

Pili, mkusanyiko mzuri hutaja kwa kila wimbo mwaka wake na kampuni yake ya kwanza, na hueleza rekodi imepatikana kwa idhini ya nani. Tatu, tazama herufi P iliyomo ndani ya duara. Hiyo ni alama ya haki ya rekodi yenyewe, tofauti na herufi C ambayo ni ya maandishi na picha. Mbele ya P ukikuta jina la kampuni usiyoisikia popote katika historia ya mwimbaji huyo, shuku.

Nne, kuwe na kijitabu. Wapigaji wa Motown, waliojiita Funk Brothers, walipiga katika mamia ya nyimbo bila ya majina yao kuandikwa juu ya jalada, mpaka mwaka 1971 Marvin Gaye alipotoa "What's Going On". Mkusanyaji aliyejitaabisha kumtaja James Jamerson kwa gita lake la besi ni mtu wa kuaminiwa hata katika mengine.

Tano, tumia masikio. Siku hizi unaweza kuonja wimbo katika simu kabla ya kununua. Rekodi ya pili hujulikana upesi: ngoma zina mshindo wa miaka ya 1980, kinanda ni cha elektroniki, sauti imeshuka na kuzeeka, na mambo yote ni safi mno, hayana jasho. Na wasikilizao kwa simu wasidhani wameokoka. Wimbo mmoja huonekana humo mara 20 katika mikusanyiko 20, ya kweli na ya uongo pamoja. Tazama jina la santuri, mwaka, na kampuni chini yake, kisha ndipo uchague.

Makasha niliyoyapima

Sasa nitaje yale ambayo nimeyasikiliza nikaridhika. Kwa Motown, lipo kasha la "Hitsville USA" lililotolewa mwaka 1992, CD 4 zenye nyimbo 104 za mwaka 1959 hadi 1971. Ndani yake utaona jinsi kampuni aliyoianza Berry Gordy kwa mkopo wa dola 800 kutoka kwa jamaa zake, katika nyumba ya kawaida ya barabara ya West Grand Boulevard, ilivyokua ikausikilizisha ulimwengu. Kwa Atlantic, lipo "Atlantic Rhythm and Blues 1947–1974", lililotoka kwanza mwaka 1985. Humo wamo Ray Charles, Drifters, Ben E. King, Percy Sledge wa siku ile, Wilson Pickett, Aretha, na Otis.

Kwa Sam Cooke, nunua "Portrait of a Legend" ya mwaka 2003, iliyokusanya nyimbo zipatazo 30 tangu alipokuwa akiimba kanisani mpaka mwisho wa maisha yake. Na atakaye picha pana ya miaka ya 1960, kampuni ya Rhino ilitoa mwaka 1997 kasha la CD 6 lenye nyimbo 144, liitwalo "Beg, Scream & Shout!". Huko Uingereza, kampuni ya Ace na tawi lake la Kent, lililoanza mwaka 1982, zimejijengea jina kwa kutafuta kanda za asili na kuandika vijitabu vya kusomeka.

Wapendao soul laini ya miaka ya 1970 watafute "The Philly Sound", kasha la CD 3 la mwaka 1997 lenye kazi za Kenny Gamble na Leon Huff wa Philadelphia, walioasisi kampuni yao mwaka 1971 na kuwatoa The O'Jays na Harold Melvin & the Blue Notes. Wasomaji wa pwani pengine watapenda kujua kwamba Gamble ni Mwislamu, na jina lake ni Luqman Abdul Haqq. Wala si yeye peke yake. Joe Tex alisilimu akaitwa Yusuf Hazziez, na mwaka 1972 aliliacha jukwaa ili ahubiri dini, akarudi kuimba baadaye, akafariki mwaka 1982. Ronald Bell wa Kool & the Gang, aliyefariki mwaka 2020, ndiye Khalis Bayyan.

Katika nyimbo 10 za ami yangu, 6 zilitoka katika kasha la Atlantic, 3 katika la Motown, na 1 kwa Sam Cooke. Uliomgusa zaidi ni "Dock of the Bay" wa Otis Redding, wimbo wa mtu aliyeketi gatini akizitazama meli zikiingia na kutoka. Nani atauelewa kuliko mpakuzi wa Kilindini? Otis aliurekodi siku chache kabla ya ajali, na baada ya kufa kwake mwenziwe Steve Cropper akaongeza mawimbi na ndege wa baharini. Mzee alisikiliza mpaka mluzi wa mwisho, akasema neno moja: "Ndiye."

Bei rahisi iliyo halali

Nisije nikaeleweka kwamba kila rahisi ni bandia. La hasha. Katika nchi za Jumuiya ya Ulaya, haki ya rekodi ilikuwa ikidumu miaka 50. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2013 ikawa miaka 70, lakini zile zilizokwisha kutoka katika ulinzi hazikurudishwa. Kwa hiyo rekodi zilizotolewa kabla ya mwaka 1963 mtu yeyote huko anaweza kuzichapisha bila ya kuvunja haki ya rekodi.

Maana yake ni nini kwa mnunuzi? Kasha rahisi kutoka Ulaya lenye nyimbo za mwaka 1962 kurudi nyuma, kama za Ray Charles wa 1959 au Ben E. King wa 1961, huenda likawa na rekodi za asili kabisa, ijapokuwa pengine zimenakiliwa kutoka santuri ya zamani na si kutoka kanda. Lakini kasha rahisi lenye nyimbo za 1966 lina la kujieleza. Mwaka huo wa 1962 uukariri kama nambari ya nyumba yako.

Na zetu je?

Yote hayo ni ya Wamarekani, nao wana bahati. Wana kampuni zilizohifadhi kanda, wana wakusanyaji, wana vijitabu. Huko Los Angeles mtangazaji Art Laboe alikusanya nyimbo za kampuni mbalimbali katika santuri moja tangu mwaka 1959, akaiita "Oldies but Goodies", nayo ikadumu katika orodha ya santuri zinazouzwa zaidi kwa muda uzidio miaka mitatu. Kazi hiyo aliipenda mpaka alipofariki mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 97.

Sisi je? Mombasa ilikuwa na soul yake. Slim Ali aliimba soul kwa Kiingereza pamoja na Hodi Boys katika miaka ya 1970, na watu walikuwapo wakacheza. Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya London ilitoa mkusanyiko uitwao "Kenya Special", wa nyimbo za nchi hii za miaka ya 1970 na 1980. Humo tunamsikia Slim Ali akiimba na Hafusa Abasi katika "Sina Raha", na Mombasa Vikings nao wamo. Nyingi ya nyimbo hizo zilikuwa katika santuri ndogo tu, na wakusanyaji walilazimika kuzitafuta moja moja. Tunawashukuru. Lakini ni aibu kidogo kwamba mwana wa Mombasa akimtaka Slim Ali inambidi kumwagiza London.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa kila mwenye santuri za zamani nyumbani, za soul, za taarabu au za bendi zetu. Usizitupe wala usimpe mtoto azichezee. Zisimamishe wima kama vitabu, mbali na jua na chumvi ya bahari, na usizilundike. Kisha chukua daftari, uandike yaliyomo katikati ya kila santuri: jina la wimbo, mwimbaji, mtunzi, kampuni, nambari, na mwaka kama upo. Ukimjua mpiga gita au mpiga ngoma, mwandike naye, na ukijua aliko, nenda ukamwulize angali hai.

Wamarekani wameandikiwa herufi ndogo, kazi yao ni kuzisoma. Zetu bado hazijaandikwa, na wanaozijua wanapungua kila mwaka. Anayezo azilete kalamuni leo, kabla wajukuu wetu nao hawajauziwa jina bila sauti.